MWENZAKO AMEBADILIKA CHUMBANI: JE, UMEMUULIZA?



Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, darsa ya leo ni ya watu walio ndani ya ndoa. Wewe kijana ambaye hujaoa na wewe binti ambaye hujaolewa, piteni salama, yenu itakuja inshaallah. Na nyinyi wenye ndoa, hasa ndoa za miaka mingi, nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Miezi kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya Isha, mtu mmoja alibaki msikitini. Alijifanya anapanga misahafu kabatini mpaka watu wote wakatoka. Ni mtu aliyepita miaka hamsini, na ndoa yake ilikuwa na miaka 24. Yeye na mkewe wameniruhusu niyasimulie haya, na yale yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta ni nani.

Akaniambia: "Sheikh, mama watoto amenibadilikia. Naomba unipe hadithi nikamsomee."

Nikamuuliza amebadilika vipi. Akainama, akasema kwa tabu: "Tangu tumeoana tulikuwa na mchezo wetu wa faragha. Mimi mfalme, yeye mjakazi. Naamrisha, anatii. Mara nyingine namfunga mikono kwa leso yake mwenyewe, anacheka mpaka jirani atusikie. Miaka mingi ilikuwa hivyo. Sasa hataki. Nikimshika mkono tu anautoa. Amekuwa nashiza huyu, sheikh."

Sikushangaa. Mtu akikaa kwenye uimamu na kusuluhisha ndoa za watu, husikia mengi. Wapo wanandoa wengi, watu wa swala tano, ambao mmoja hupenda kuongoza na mwengine hupenda kuongozwa. Wanajuana wenyewe, na Allah amewasitiri. Lililonishughulisha ni jengine. Nikamuuliza: "Ulimuuliza lini mara ya mwisho kama bado anaupenda mchezo huo?"

Akanitazama kama nimemuuliza swali la kitoto. "Nimuulize nini, sheikh? Alikubali tangu fungate."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike darsa hii.

*SOMO HAJI MWAKA WA ISHIRINI*

Sisi watu wa pwani tuna mila ya somo. Binti anapoolewa hupewa mwanamke mtu mzima wa kumfundisha. Anamfunda namna ya kuishi na mume, usafi wake, maneno ya chumbani, na wakati wa fungate huwa karibu naye amwangalie. Ni mila yenye mambo mazuri ndani yake, tukitoa yale yanayopingana na dini.

Lakini tazameni upungufu wake. Somo huja mwanzo wa ndoa, akamaliza kazi yake, akapewa zawadi yake, akaenda. Mwaka wa kumi haji. Mwaka wa ishirini haji. Mwanamke aliyefundwa akiwa na miaka 20 sasa ana 45, amezaa mara tano, amezika mama yake, goti linamuuma, na bado anategemewa afanye kama alivyofundwa wiki ile. Na mwanamume ndiyo kabisa, yeye hakufundwa na mtu. Aliambiwa tu awe dume.

Matokeo yake watu wawili wanalala kitanda kimoja miaka 20, kila mmoja anaishi na mtu wa zamani aliye kichwani mwake. Yule halisi aliye pembeni yake hamjui tena.

*KUBADILIKA SI DHAMBI*

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, na imo katika Sunan Abi Dawud, kwamba alikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), wakashindana mbio. Yeye alikuwa mwepesi wa mwili, akamshinda Mtume. Miaka ikapita, akanenepa, wakawa safarini tena, wakashindana, mara hii Mtume akamshinda. Akamtania kwamba hii ni kulipa ile.

Watu husimulia hadithi hii kama kichekesho cha ndoa. Mimi naomba muitazame kwa jicho jengine. Mwili wa Aisha ulikuwa umebadilika. Mtume hakumwambia "zamani ulikuwa mwepesi, umekuwaje?" Hakumlinganisha na Aisha wa miaka ile. Alimualika upya, na katika baadhi ya riwaya aliwaambia watu watangulie mbele kwanza, wawaache peke yao. Kisha yule aliyeshindwa hakudhalilishwa, na yule aliyeshinda alicheka naye.

Mchukueni pia Bibi Sauda (r.a.). Alipokuwa mtu mzima, zamu yake ya usiku alimpa Aisha, na hilo limethibiti katika Bukhari na Muslim. Mahitaji yake yalikuwa yamebadilika, na ndoa ikaendelea kwa mapatano mapya. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 128, Allah ametufundisha kwamba mke akichelea kutupwa au kutelekezwa na mumewe, si vibaya wakasuluhishana baina yao, na kwamba suluhu ni bora.

Sasa sikilizeni nukta hii, kwa sababu wengi hamjaambiwa. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi, kwenye mlango wa zamu za wake, vinasema kwamba mke aliyeitoa zamu yake kwa hiari ana haki ya kuirudisha wakati wowote anapotaka, kwa siku zinazokuja. Yaani hata jambo alilolikubali kwa ulimi wake, mbele ya mumewe, halimfungi maisha. Ikiwa katika zamu, ambayo ni haki kubwa ya ndoa, mtu anaruhusiwa kusema "nilikubali, sasa nimebadilisha," vipi mchezo wa leso uwe mkataba wa milele?

Ridhaa ya fungate ni ya fungate. Ya leo inatakiwa leo.

*HADITHI ALIYOITAKA*

Najua mnachongojea. Yule bwana aliitaka hadithi ya malaika kumlaani mke aliyeitwa na mumewe kitandani akakataa, mume akalala na ghadhabu. Hadithi ile ni sahihi, iko Bukhari na Muslim, na mimi si mtu wa kuficha hadithi kwa kuwafurahisha watu. Mke kumnyima mumewe kwa kiburi au kwa kumkomoa ni jambo zito.

Lakini tuisome kwa adabu ya elimu. Wanavyuoni wameeleza kwamba hiyo ni kwa asiye na udhuru. Mgonjwa ana udhuru. Mwenye kuumizwa ana udhuru. Na hadithi inazungumzia kuitwa kitandani, haikutaja kuitwa kwenye kila mchezo atakaoubuni mume. Mke anayesema "njoo, mimi ni mkeo, lakini usinifunge mikono" hakukataa kitanda. Amekataa leso. Ukimsomea hadithi hii huyo, umeitumia mahali pasipo pake, na utaulizwa.

Na hadithi haikushushwa iwe fimbo. Yupo bwana mmoja katika umma huu ambaye tabia yake ni Qur'ani, na Bibi Aisha ametuambia, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Na imethibiti kwamba aliwalaumu wanaume wanaompiga mke kama apigwavyo mtumwa, kisha ikifika usiku wanataka walale naye. Fikirini maneno haya. Mtume aliona haya kwa niaba ya huyo mwanamume, vipi mchana awe adui na usiku awe mpenzi.

*UPANDE WA MKE*

Nilimwambia yule bwana kwamba sitatoa neno mpaka nisikie upande wa pili. Kwa idhini yake, mke wangu, ambaye husomesha akina mama chuoni kwetu, alikaa na yule dada. Walikaa kuanzia Alasiri mpaka Magharibi.

Dada alisema hivi, nanukuu kama nilivyofikishiwa: "Mwalimu, mimi ule mchezo niliupenda. Sitasema uongo. Niliupenda kwa sababu mchana baba watoto alikuwa mpole kuliko wanaume wote wa mtaa. Akiniomba maji, anasema tafadhali. Basi usiku akijifanya mfalme nacheka, kwa sababu najua si kweli. Miaka mitano sasa, tangu kazi yake iyumbe, mchana ananifokea mbele ya watoto. Ananiamrisha kweli. Usiku anataka nijifanye mjakazi. Nijifanye vipi kitu ambacho tayari ndicho nilichofanywa?"

Mke wangu aliporudi akanieleza, nilinyamaza muda mrefu.

Ndugu zangu wanaume, kama hamtabeba kitu chengine leo, bebeni hiki. Mchezo wa kuamrisha na kutii una ladha pale tu ambapo nje ya mchezo kuna heshima kamili. Ni kama watoto wanaocheza polisi na mwizi. Wanacheka kwa sababu hakuna polisi wala mwizi. Siku mmoja akileta pingu za kweli, mchezo umekwisha, na anayelia hatuwezi kumwambia "lakini jana ulikuwa unacheka."

Yule dada hakubadilika chumbani. Kilichobadilika ni sebule, chumba kikafuata.

Na kuna la pili. Alikuwa na miaka 49, amekaribia ukomo wa hedhi. Wengi wa wanawake huwafika kati ya miaka 45 na 55. Mwili hukauka, usingizi hukatika, joto humpanda ghafla, na tendo linaweza kuwa na maumivu ambayo zamani hayakuwepo. Bega lake moja lilikuwa limekaza, mkono haupandi juu. Mtu wa bega hilo unamfunga mikono! Hakumwambia mumewe kwa sababu aliona aibu kuonekana amezeeka.

*NA UPANDE WA MUME, ALIOUFICHA*

Nilipomwita tena yule bwana nikamweleza, alikaa kimya. Kisha akatoa la moyoni, ambalo hakulisema mara ya kwanza. Alikuwa na kisukari mwaka wa tatu. Nguvu zake hazikuwa zile. Alikuwa akiogopa mkewe agundue, kwa hiyo akawa anaushikilia ule ufalme kwa nguvu zaidi, anakaza sauti, anakaza leso, ili yeye mwenyewe ajione bado yupo. Akasema: "Sheikh, hata mimi raha siipati tena. Naufanya kwa sababu nisipoufanya nitabaki na nini?"

Subhanallah. Watu wawili, wote wamebadilika, wote wamechoka na mchezo ule ule, na kila mmoja anaficha. Mmoja alikuwa tayari kuitwa nashiza na mwengine alikuwa tayari kuandika talaka, kwa jambo ambalo wote hawalitaki.

Kwa hili la kisukari na presha nasema waziwazi: kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na baadhi ya dawa za presha hupunguza hamu. Si uchawi, na si kwamba mke amekufunga. Nenda hospitali umwambie daktari bila haya. Wala usiache dawa zako kwa siri, wala usinunue vidonge vya nguvu kwa muuzaji wa barabarani. Vidonge hivyo vikikutana na baadhi ya dawa za moyo, presha hushuka ghafla na mtu anaweza kufa.

*ANAYETAKA MAPYA*

Mabadiliko hayaji kwa kupoa tu. Wapo ambao hamu inawajia ukubwani. Mwanamke watoto wamekua, khofu ya mimba imeondoka, nyumba imetulia, anaanza kusema anachopenda. Mume badala ya kushukuru anamkazia macho: "Nani kakufundisha?" Ndugu yangu, amefundishwa na umri wake. Ukimtuhumu leo, kesho hatakwambia kitu tena mpaka mwafariki.

Na wapo wanaume ambao mapya wameyatoa kwenye simu. Hapa nina ukali. Kutazama uchi wa watu ni haramu, na zile picha ni za watu waliolipwa waigize. Anayepigwa pale anaonekana kufurahi kwa sababu ni kazi yake. Ukichukua yale ukamletea mwenzako usiku huo huo bila neno, umemdhulumu.

Kwa hiyo jambo lolote jipya, au la zamani mnalotaka kuliendeleza, lipitisheni kwenye maswali matatu.

1. Je, sharia imelikataza? Tendo wakati wa hedhi na njia ya nyuma yamekatazwa, hata mkiwa radhi nyote wawili.

2. Je, lina madhara? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mwili ni amana, ridhaa haihalalishi jeraha. Kubana shingo, ambako vijana siku hizi wanakuita mchezo, kunaweza kukata damu ya kwenda kwenye ubongo na kuua kwa muda mfupi, hata bila kuacha alama. Msikufanye kabisa. Na kipigo cha hasira kinachovikwa jina la mahaba ni dhulma tu. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara, kifungu cha 66, haimpi mwanandoa haki ya kumpiga mwenzake.

3. Je, mwenzako yuko radhi leo? Ridhaa ya mwaka jana haitoshi, wala kunyamaza kwa khofu.

Likifeli swali moja, liacheni. Likipita yote matatu, basi ni baina yenu na Mola wenu, wala mimi imamu sina haja ya kujua.

*NAMNA YA KUULIZANA*

Msiulizane kitandani, wala baada ya ugomvi. Tafuteni wakati wa utulivu, baada ya chai ya Alfajiri au mnapotembea. Anza na nafsi yako: "Mimi siku hizi naona hivi, wewe je?" Usianze na "wewe siku hizi." Ukianza hivyo, umeshafungua kesi.

Wekeni neno moja baina yenu ambalo likitamkwa chumbani kila kitu kinasimama, bila kununiana na bila kuulizana sababu usiku huo. Anayejua kwamba anaweza kusimamisha hana khofu ya kuanza.

Na kila ndoa inapopita kona, ulizaneni upya. Kona ni kama kujifungua, maradhi, msiba, ukomo wa hedhi, kustaafu, na siku mtoto wa mwisho anapoondoka nyumbani.

Wapo watakaosema: "Sheikh, haya ni mambo ya aibu, wazee wetu hawakuyazungumza." Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Haya inayotakiwa ni ya kutoyapeleka ya chumbani kwenye baraza ya kahawa. Katika Sahihi Muslim, anayelala na mkewe kisha akaeneza siri yake ametajwa miongoni mwa watu waovu kabisa siku ya Kiyama. Sisi tumegeuza mambo. Mke hatumwambii, rafiki wa barazani tunamwambia.

Na wapo watakaosema: "Sheikh, unawapa wanawake mlango wa kukataa." Nawaambia someni tena. Haki ni ya pande mbili. Abu Dardaa (r.a.) alijishughulisha na ibada mpaka akamsahau mkewe. Salman alipokwenda akamkuta mama yule hajijali, alimwambia Abu Dardaa kwamba familia yake ina haki juu yake, na Mtume akathibitisha kwamba Salman amesema kweli. Kwa hiyo wewe uliyepita hamsini ukasema "nimemaliza mambo ya dunia," na wewe mama uliyehamia chumba cha wajukuu bila kumuuliza mzee, nyote hamjamaliza. Mchezo unaweza kuachwa. Mwenzako haachwi.

*WALIVYOFIKIA*

Wale wawili tuliwakalisha mara tatu. Mume aliomba radhi, si kwa leso, bali kwa kufoka mbele ya watoto. Hilo ndilo alilolitaka mkewe. Walikwenda hospitali pamoja. Ule mchezo wa mfalme waliuweka chini, na sijui kama watauokota tena, wala haikunihusu kuuliza.

Siku moja tulipotoka swala ya Ijumaa alinishika mkono akanambia: "Sheikh, siku hizi kila usiku namkanda bega kwa mafuta ya nazi. Ananiamrisha: juu kidogo, chini kidogo. Natii." Akacheka, na mimi nikacheka.

Allah katika Surat Ar-Rum, aya ya 21, ametutajia utulivu, mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Mapenzi yana moto wa ujanani. Huruma ndiyo inayomtazama mtu wa leo na bega lake la leo.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, muulize mwenzako: "Siku hizi unapenda nini, na nini hukipendi tena?" Kisha nyamaza usikilize.

Ewe Mola, tusitirie nyumba zetu, lainisha ndimi zetu mchana ili zikubalike usiku, waponye wagonjwa wetu, na utujaalie tuzeeke na wenzetu tukiwa tunajuana. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.